Roboti ikija Diani, nani ataijaribu?

Mgeni anapoteremka garini katika lango la hoteli kubwa ya Diani, mara nyingi neno la kwanza analolisikia ni "Jambo". Sisi wenyeji wa pwani twajua kwamba hiyo si salamu kamili. Ni kipande cha salamu, kilichopunguzwa ili kiweze kutamkwa na mtu atakayekaa siku saba kisha arejee kwao. Salamu yenyewe ni ndefu: mdogo humwanza mkubwa kwa shikamoo, mkubwa huitika marahaba, kisha huulizana habari za kuamka, za nyumbani, za watoto na za kazi. Katika kuulizana huko ndimo watu wanamojua nani mgonjwa, nani amesafiri na nani amefiwa. Nimelitanguliza suala la salamu kwa sababu mada yetu ya leo ni mashine zinazosalimu.

Mwaka wa 2024 mkahawa mmoja jijini Nairobi ulianza kutumia roboti tatu kuwapelekea wateja chakula mezani. Wazazi waliwaleta watoto wao kutazama, picha zikaenea, na kwa muda watu wakawa hawana mazungumzo mengine. Tangu hapo swali limekuwa likinijia kila ninapopita barabara ya kutoka Ukunda kuelekea ufuoni: mashine kama hizo zitakapofika Diani, ni nani atakayekuwa amezijaribu, na atakuwa amezijaribu wapi?

Huenda msomaji akauliza, mambo ya roboti yana uhusiano gani na Kwale, kaunti ambayo baadhi ya watoto wake bado hubeba madumu ya maji kabla ya kwenda shule? Swali hilo ni la haki, na jibu lake, kama tutakavyoona, limo katika maji yenyewe. Hoja yangu ni moja. Mashine itakayofanya kazi katikati ya watu haina budi kujaribiwa pale pale pa kazi, na watu wale wale ambao kazi yao itaguswa, nao wawe na uwezo wa kuikataa au kudai ibadilishwe. Hoja hii si ngeni kwetu. Ilithibitishwa hapa hapa Kwale, kando ya visima, yapata miaka arobaini iliyopita.

MASHINE YENYE SURA

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Roboti tulizozoea kuzisikia ni zile za viwandani, mikono ya chuma inayounganisha magari nyuma ya ua ambao mfanyakazi haruhusiwi kuuvuka. Roboti ya kijamii ni kinyume cha hiyo. Huwekwa mapokezini, hospitalini, dukani au njia panda, mahali ambapo watu hupita, nayo hutarajiwa kusalimu, kuelekeza, kukumbusha, kubeba na kusubiri zamu yake. Si lazima iwe na akili nyingi. Baadhi yake ni sahili mno: magurudumu, taa, sauti iliyorekodiwa na kitu kinachofanana na uso.

Afrika yetu haikuachwa nyuma katika jambo hili. Mwaka wa 2013, jijini Kinshasa, mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake waliweka barabarani roboti za kuongoza magari. Zilikuwa ndefu kuliko mtu, zimeundwa kwa alumini, zikitumia nguvu za jua, na mikononi zilikuwa na taa nyekundu na kijani. Mtu anaweza kusema kwamba taa za kawaida zingetosha. Lakini katika jiji ambalo madereva wengi walizoea kuipuuza taa, umbo la mtu aliyesimama na kuinua mkono lilikuwa na uzito ambao mlingoti hauna. Hapo ndipo siri ya roboti ya kijamii ilipo: hutumia tabia yetu ya kuiheshimu sura.

Mwezi wa Mei 2020, ugonjwa wa korona ulipokuwa umepamba moto, Rwanda ilizindua roboti tano zilizoundwa na kampuni ya Ubelgiji. Zilipewa majina ya Kinyarwanda, miongoni mwayo Akazuba, Ikizere na Urumuri, na baadhi zikapelekwa katika kituo cha matibabu cha Kanyinya, karibu na Kigali. Kazi yake ilikuwa kupima joto la mwili, kupeleka chakula na dawa, na kuwapunguzia wauguzi safari za kuingia katika vyumba vya wagonjwa. Hapa hapakuwa na maonyesho. Kila safari ambayo mashine iliifanya ni safari ambayo muuguzi hakuifanya, na kwa hiyo ni hatari aliyoepushwa.

Tazama basi tofauti iliyopo. Kinshasa mashine iliwekwa kwa sababu madereva hawakutii. Kanyinya iliwekwa kwa sababu muuguzi alikuwa hatarini. Katika mkahawa wa Nairobi, ambako wahudumu binadamu hawakuondoka, iliwekwa kwa sehemu kubwa kwa sababu wateja wangependa kuitazama. Sisemi kwamba sababu hiyo ya tatu ni dhambi. Biashara ya mkahawa ni pamoja na kufurahisha. Nasema tu kwamba mashine iliyoletwa kutazamwa hupimwa kwa kipimo kimoja, na mashine iliyoletwa kufanya kazi hupimwa kwa kingine, na ole wake anayevichanganya vipimo hivyo.

SOMO LA NAGASAKI

Walivichanganya katika hoteli moja nchini Japani. Henn-na Hotel ilifunguliwa mwaka wa 2015 katika mkoa wa Nagasaki, ikasifiwa duniani kote kuwa hoteli ya kwanza kuendeshwa na roboti. Mapokezini aliketi dinosau wa bandia. Mizigo ilibebwa na vigari vinavyojiendesha. Katika kila chumba mlikuwa na kijidoli cha kujibu maswali ya mgeni. Ilipofika mwanzoni mwa mwaka wa 2019, habari ziliandikwa kwamba hoteli hiyo imeondoa zaidi ya nusu ya roboti zake, ambazo zilikuwa 243.

Sababu zilizotajwa zinafaa kusomwa darasani. Kijidoli cha chumbani kiliusikia mkoromo wa mgeni aliyelala, kikaudhania kuwa ni swali, kikamwamsha ili aseme tena. Vigari vya mizigo viliweza kufika katika sehemu ndogo tu ya vyumba, na mvua au theluji ilipoanguka vikakwama. Dinosau hakuweza kutoa nakala ya pasipoti, hivyo mtu alilazimika kuja kumfanyia kazi yake. Hatimaye wafanyakazi binadamu, ambao walikusudiwa kupunguziwa mzigo, wakajikuta wakifanya kazi zaidi kuliko hapo awali, kwa kuwa sasa walikuwa wakiwahudumia wageni na kuzihudumia mashine pia.

Zingatia, msomaji, kwamba hakuna hata moja kati ya kasoro hizo iliyohitaji profesa kuigundua. Mpagazi yeyote angejua kuhusu mvua. Mhudumu wa vyumba yeyote angejua kuwa watu hukoroma. Karani wa mapokezi angetaja pasipoti kabla hujamaliza kumuuliza. Ujuzi uliohitajika ulikuwemo ndani ya jengo, umevaa sare, ukisubiri kuulizwa.

PAMPU ILIYOFUNDISHWA NA WENYE KUITUMIA

Sasa turudi nyumbani. Muongo wa 1981 hadi 1990 ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa muongo wa maji safi na usafi wa mazingira. Katika kipindi hicho, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia yaliendesha mradi mkubwa wa kuzijaribu pampu za mkono katika nchi 17. Pwani ya kusini ya Kenya ilikuwa mojawapo ya mahali palipoteuliwa, na kuanzia mwaka wa 1983 pampu zikafungwa katika visima vya Kwale, serikali ikishirikiana na wafadhili wa Sweden, pamoja na shirika la Kenya la maji na afya, KWAHO, lililofanya kazi na wanavijiji.

Tatizo lililokuwa likisumbua ulimwengu lilikuwa hili. Pampu nyingi za wakati huo zilikuwa imara lakini nzito. Mpira mmoja mdogo ulipochakaa chini ya kisima, ililazimu mabomba yote ya chuma yavutwe juu, kazi ya kundi la mafundi wenye gari na vifaa vya kunyanyulia. Gari hilo lilikuwa makao makuu, na makao makuu yalikuwa mbali. Hivyo pampu nzima ilinyamaza kwa ajili ya kitu cha kutia mfukoni, na akina mama wakarudi kwenye kidimbwi. Isitoshe, mahali penye maji makali chuma kililiwa na kutu.

Kutokana na majaribio ya Kenya na Malawi ikazaliwa pampu iitwayo Afridev. Ubora wake haukutokana na ukubwa wa elimu iliyomo ndani yake bali na swali lililoulizwa wakati wa kuiunda: mikono ya nani itaitengeneza? Jibu likawa, mikono ya wenye kuteka maji, ambao wengi wao ni wanawake. Basi pistoni yake ikaundwa iweze kuvutwa juu kupitia ndani ya bomba bila kuling'oa bomba lenyewe. Bomba likawa la plastiki, lisiloshika kutu. Beringi za mpini zikawa za plastiki pia, za kupachika na kupachua kwa mkono. Spana moja ikatosha. Katika Kwale wanawake wakafundishwa kuifungua na kuifunga, na kamati za visima zikaundwa ili kuchanga fedha na kuiangalia. Leo Afridev imeenea katika nchi nyingi za Afrika na hata Asia, na watoto wanaoitumia huko hawajui kwamba jina la Kwale limo katika ukoo wake.

Nisije nikaipamba hadithi hii kuliko inavyostahili. Pampu hazikukaa salama milele. Kuna kamati zilizolala, michango iliyokoma na vipuri vilivyokosekana madukani. Mashine nzuri haikuondoa haja ya watu kusimamiana. Lakini hata udhaifu huo ulizaa hatua nyingine, nayo yatuleta karibu kabisa na roboti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walibuni kifaa kidogo cha kutiwa ndani ya mpini wa pampu, chenye kuhisi mwendo wa mpini huo na kutuma taarifa kwa njia ya simu. Mpini usipotikisika, fundi hujua kwamba kisima kina tatizo. Katika majaribio ya Kyuso, huko Kitui, mwaka wa 2013, muda wa kawaida wa kungoja matengenezo ulishuka kutoka siku 27 hadi chini ya siku tatu. Baadaye vifaa hivyo vilifika Kwale, na huduma ya mafundi iitwayo FundiFix ikaanzishwa kwa mtindo huo, wanavijiji wakilipa ada ndogo na fundi akiahidi kufika upesi.

Pampu hiyo haina uso wala haisemi "Jambo". Hata hivyo, ni mashine inayoishi kati ya watu, inayotazama tabia zao na kumwarifu mtu inapougua. Kwa maoni yangu inastahili kuitwa jamaa wa karibu wa roboti ya kijamii, tena jamaa mwenye adabu, kwa kuwa haijifanyi kuwa kitu ambacho sicho. Na inatufunza kwamba kilichopunguza siku 27 kuwa tatu hakikuwa kifaa peke yake. Alikuwepo fundi wa karibu aliyelipwa kuipokea taarifa na kuondoka mara moja. Kifaa bila fundi kingeleta habari za huzuni tu, kwa haraka zaidi.

KILICHO HATARINI

Kwa nini basi jambo hili liwe na uzito kwetu sasa? Kwa sababu Kwale haina kazi za kuchezea. Wazee wa Ramisi wanakumbuka jinsi kiwanda chao cha sukari kilivyofungwa mwaka wa 1988. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza watalii na kuzifanya hoteli za Diani ziwarudishe watu makwao. Mwaka wa 2020 korona ilifanya vivyo hivyo. Mwishoni mwa mwaka wa 2024 kampuni ya Base Titanium ilikoma kuchimba madini baada ya miaka zaidi ya kumi, na mamia ya waliokuwa wakipata riziki huko wakaanza kutafuta kwingine. Kila mlango mmoja ukifungwa, macho hugeukia hoteli. Hapo ndipo kijana aliyemaliza shule hutarajia kuwa mhudumu, mpishi, mpagazi, mtunza bustani au mlinzi.

Watetezi wa mashine watasema kwamba hofu hii ni ya bure: mshahara wa mhudumu wa Diani ni mdogo kiasi kwamba roboti ya kuagizwa kutoka ng'ambo, pamoja na umeme na matengenezo yake, haiwezi kushindana naye. Nakubaliana nao kwa leo. Lakini hoja hiyo ina aibu ndani yake, kwani yasema kwamba kinga pekee ya mfanyakazi wetu ni unyonge wa malipo yake. Tena bei za mashine hushuka. Simu ya mkononi ilikuwa ya tajiri, leo iko mfukoni mwa mvuvi wa Shimoni. Tukingoja bei ishuke ndipo tuanze kuweka taratibu, tutakuwa tumechelewa.

Kwa upande mwingine, wapo wanaotaka mashine hizi zisiingie kabisa. Nao nawaomba wafikiri tena. Mhudumu anayebeba sinia nzito kutoka jikoni hadi ufuoni, mara kumi kwa saa, mchangani, juani, atakuambia habari za mgongo wake. Muuguzi wa hospitali ya rufaa ya Msambweni, aliyezungukwa na jamaa wanaouliza chumba fulani kiko wapi na saa za kuona wagonjwa ni zipi, hangekasirika kama kungekuwa na kitu mlangoni cha kuyajibu maswali hayo ili yeye abaki na mgonjwa. Zipo kazi ambazo kumpunguzia binadamu ni kumheshimu. Swali ni nani anayeamua ni zipi. Mwenye hoteli ataona mshahara. Muuza mashine ataona soko. Mhudumu peke yake ndiye ajuaye ni sehemu gani ya kazi yake inayomchosha bure, na ni ipi inayompa heshima, bahshishi na jina lake midomoni mwa wageni wanaorudi mwaka baada ya mwaka.

Lipo pia suala la udanganyifu. Mwaka wa 1966 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta katika chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA, ambayo ilirudisha maneno ya mtu kwa umbo la swali, bila kuelewa chochote. Alishangaa kuona kwamba watu waliifungulia mioyo yao, na katibu wake mwenyewe alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Ikiwa maandishi matupu yaliweza hivyo, itakuwaje kwa kitu chenye macho na sauti tamu? Mtu mzima aliyefiwa akikiambia habari zake, nacho kikajibu "Pole sana, nimehuzunika", nani atamwambia kwamba hakuna aliyehuzunika? Na tukirudi kwenye salamu: mashine ikikutana na bibi wa Msambweni, ni mdogo wake au mkubwa wake? Imwamkie shikamoo? Na yeye, aitike marahaba kwa kitu kisichokuwa mjukuu wa mtu yeyote? Haya si maswali ya kuchekesha. Ni maswali ya uundaji, na hayawezi kujibiwa na mtu ambaye hajawahi kuamkiwa.

KAZI YA SHULE ZETU

Hapa nawageukia walimu na wanafunzi, maana nawaona kuwa ndio wanaoweza kuanza. Mwaka wa 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliidhinisha mtaala wa kuandika programu za kompyuta kwa shule za msingi na za upili. Ni hatua njema, lakini wengi wameielewa kana kwamba bila chumba kilichojaa kompyuta hakuna la kufanya. Sivyo. Sehemu kubwa ya ufundi wa roboti ya kijamii haihitaji umeme hata kidogo.

Mwaka wa 2009 mwanafunzi mmoja jijini New York, Kacie Kinzer, aliunda viroboti vya kadibodi vyenye uso wa tabasamu, ambavyo havikujua lolote isipokuwa kwenda mbele. Kila kimoja kilikuwa na kibendera kilichoandikwa mahali kinakokwenda na ombi la kusaidiwa. Aliviacha katika bustani ya umma, akatazama kwa mbali. Wapita njia walivigeuza, wakavitoa kwenye mashimo, wakaviokoa na barabara, hadi vikafika. Kadibodi na magurudumu yalimfunza juu ya wema wa watu mambo ambayo mashine ya mamilioni isingemfunza.

Tuchukulie kwamba wanafunzi wa shule moja ya Msambweni wanataka kujaribu roboti ya kusaidia katika ofisi ya karani wa shule. Wazazi huja hapo siku nzima kuuliza karo, ripoti na kama mwalimu mkuu yupo. Wanafunzi wachukue boksi, walichoree uso, watie ndani simu kuukuu. Mwanafunzi mmoja aketi chumba cha pili na simu nyingine, awe ndiye sauti ya boksi, naye asijibu ila yale ambayo mashine ingeweza kuyajibu. Mbinu hii ya mtu kujificha nyuma ya mashine hutumiwa na wataalamu wakubwa duniani, kwa sababu hukuwezesha kukijaribu kitu kabla ya kutumia fedha kukiunda. Sharti lake ni uaminifu: karani na mwalimu mkuu wakubali kabla, na kila mzazi aelezwe baadaye, kisha akitaka maneno yake yafutwe, yafutwe.

Mwanafunzi wa tatu aketi na daftari. Aandike ni maswali mangapi yalijibiwa sawasawa. Aandike ni mara ngapi karani aliacha kazi yake ili kuliokoa boksi, maana hiyo ndiyo gharama ambayo wauzaji wa mashine hawaitaji, na ndiyo iliyoiangusha hoteli ya Nagasaki. Aandike ni nani waliotazama wakaondoka bila kusema neno. Aandike maswali ambayo hakuna aliyeyategemea. Huenda akagundua kwamba mzazi mmoja aliuliza kwa Kidigo na mwingine kwa Kiduruma, na boksi likakaa kimya. Huenda akagundua kwamba mzee hakuwa amekuja kuuliza karo bali kuomba muda wa kulipa, na kwamba hilo haliambiwi boksi mbele ya watu. Mwisho wa juma, karani aulizwe peke yake, bila mwalimu mkuu kuwepo: je, wataka lirudi Jumatatu? Jibu lake lipewe uzito kuliko hesabu zote za daftarini.

Darasa litakalofanya hivyo litakuwa limejifunza Sayansi, Hisabati, Kiswahili na uraia kwa pamoja. Na kijana wake, atakapoajiriwa Diani na siku moja akaletewa mashine, hataikodolea macho tu. Atajua la kuuliza.

TUNACHOPASWA KUDAI

Kwa watu wazima wenye madaraka nina mapendekezo matatu. La kwanza, hoteli au hospitali yoyote itakayotaka kuleta roboti ya kuhudumia watu iijaribu kwanza kwa muda uliotangazwa, katika kazi halisi, wafanyakazi wakiwa washiriki na si watazamaji. Chama chao cha KUDHEIHA kisisubiri kuitwa. Kidai kipengele cha majaribio katika mikataba yake kabla mashine hazijafika. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 tayari yamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya mwezi mmoja na alipe angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka wa utumishi. Hiyo ni sheria ya kumzika mfanyakazi kwa heshima. Tunachohitaji ni utaratibu wa kumsikiliza kabla hajafa.

La pili, mashine nyingi kati ya hizi zina kamera na vinasa sauti. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 yamtaka mkusanyaji aeleze anakusanya nini na kwa nini. Maelezo hayo yabandikwe hapo hapo ilipo mashine, kwa Kiswahili kinachosomeka, yawahusu wageni na wafanyakazi vilevile. Roboti ya kubeba sahani isigeuke kuwa msimamizi wa siri anayehesabu dakika ambazo mhudumu amesimama.

La tatu, serikali ya kaunti pamoja na vyuo vilivyo karibu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa chenye tawi lake hapa Kwale, waanze kuwafunza vijana utengenezaji wa mashine hizi. Pampu ilitufunza kwamba kifaa kisicho na fundi wa karibu ni chuma cha mapambo. Kama roboti ya Diani itangoja mtu kutoka Nairobi au Shanghai kila inapokwama mchangani, tutakuwa tumerudi kwenye siku za gari la makao makuu.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji akae kando asubiri kuona. Kwale ilishawahi kupokea mashine kutoka nje, ikaishika kwa mikono yake, ikasema hapa ni pazito na hapa panashika kutu, na wakubwa wa dunia wakasikiliza wakaibadilisha. Waliosema hivyo walikuwa wanawake wenye ndoo, si wahandisi. Wajukuu wao leo wamevaa sare katika hoteli za Diani na kaptura za shule za Msambweni. Itakapofika zamu yao kuulizwa, waulizwe mapema, kabla mashine haijalipiwa.